Jiko la kuni la chuma linavujisha moshi na wavu umepinda: nianze kubadilisha sehemu gani?

Mkazi wa Molo:

Hamjambo ndugu zangu. Ninaishi nje kidogo ya mji wa Molo, katika nyumba ya zamani ambayo jikoni mwake mna jiko kubwa la kuni la chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Lina matundu manne ya sufuria juu, chumba cha moto upande wa kushoto, na tanuri la kuokea mikate upande wa kulia. Kwa baridi ya huku, hasa kuanzia Juni hadi Agosti, jiko hili ndilo linalotupikia, linalotupasha joto jioni nzima na linalochemsha maji ya watoto kuoga. Sitaki kuliuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa sababu mwili wake bado ni mzima na sidhani nitapata jingine la uzito huo.

Hali yake ni hii. Kwanza, wavu unaobeba kuni umechoka: vyuma vya katikati vimeshuka, viwili vimekatika kabisa, na makaa mekundu huangukia kwenye droo ya majivu kabla hayajamaliza kuungua. Pili, matofali ya ndani yamepasuka, na lile la nyuma limemomonyoka hadi ukuta wa jiko wenyewe unaonekana. Moto ukiwa mkali, sehemu hiyo huwa nyekundu. Tatu, mlango unacheza hata ukiwa umefungwa kwa komeo, na kamba iliyokuwa imelazwa katika mfereji wake imekuwa ngumu na kukatika vipande vipande. Ninapowasha asubuhi moshi hujaa jikoni, lakini moto ukishashika kuni huisha upesi mno, hata nikikifunga kilango cha hewa kabisa. Nne, tanuri limeharibu mikate mingi: juu huiva na hata kuungua, chini unga unabaki mbichi.

Fundi mmoja wa kuchomelea hapa mjini ameniambia kwamba atachomelea wavu, atapiga kipande cha bati nyuma palipobomoka tofali, kisha atajaza nyufa zote kwa saruji. Bei yake ni nafuu, ila sijaridhika. Naomba wenye ujuzi wanifahamishe: kwa kuwa fedha hazitoshi kufanya yote kwa pamoja, nianze na sehemu gani? Je, wavu wa namna hii unachomeleka? Na matofali haya hujengwa kwa udongo gani?

Fundi wa Kibuye:

Ndugu Mkazi wa Molo, umefanya vyema kuuliza kabla ya kumkabidhi mtu jiko hilo. Nimekuwa nikitengeneza majiko na matanuri hapa Kisumu kwa muda mrefu, na kwa maelezo yako naona kwamba sehemu ulizozitaja hazikuchakaa kila moja kivyake. Ukibadilisha wavu leo bila kushughulikia kilichouua, huo mpya utapinda vilevile.

Mlango ndio chanzo. Jiko la aina hii hutawaliwa kwa hewa: mtu hufungua kilango kidogo, moto ukapumua kiasi anachotaka. Mlango usipobana, hewa huingia kwa njia yake yenyewe, na ndiyo maana kufunga kilango hakukusaidii kitu. Moto huo usiotawalika huwa mkali kupita kiasi alichokusudia mtengenezaji, nao hula kuni, hula matofali, kisha hula chuma. Kuna pia jambo la majivu, ambalo watu wengi hawalijui. Wavu hupozwa na hewa baridi inayopanda kutoka chini yake. Droo ikijaa hadi majivu yakagusa wavu, hewa hiyo hukatika, chuma hukaa katika wekundu kwa saa nyingi, na hapo ndipo kinapolegea na kushuka katikati kama ulivyoeleza. Nikiletewa wavu ulioshuka katikati, swali langu la kwanza huwa ni mara ngapi droo inamwagwa.

Kuhusu utaratibu wa kazi, ningefanya hivi. Kabla ya lolote, acha kuwasha moto mkali hadi tofali la nyuma lirudishwe. Wavu na matofali hupatikana tena, lakini ukuta wa jiko ukipasuka kwa sababu ya kuwa mwekundu kila jioni, utakuwa umepoteza jiko lenyewe. Kwa hiyo tofali la nyuma kwanza, hata kama utaweka la muda. Kisha mlango. Kisha wavu. Matofali mengine yenye nyufa tu, ambayo bado yamesimama mahali pake, yanaweza kusubiri. Ufa mwembamba hauzuii tofali kufanya kazi.

Ili ujue mlango unavuja wapi, chukua ukanda wa karatasi, uweke kati ya mlango na fremu jiko likiwa baridi, funga komeo, kisha vuta. Mahali ambapo karatasi inatoka bila kushikwa ndipo hewa inapopenya. Zunguka pande zote nne, na ufanye hivyo hivyo kwa kilango cha droo ya majivu, kwa sababu hewa inayopita pale huenda moja kwa moja chini ya moto na ina madhara makubwa zaidi. Mara nyingi utakuta upande wa bawaba unabana na upande wa komeo haubani, au kinyume chake. Hapo kamba mpya peke yake haitatosha. Pini za bawaba zitakuwa zimelika, nazo hubadilishwa kwa kipande cha bolti chenye unene unaofaa, pamoja na washa ya kuinua mlango kidogo.

Kamba inayofaa ni ya nyuzi za kioo, ile isiyoungua, na huuzwa kwa unene mbalimbali, kuanzia takriban milimita 6 hadi zaidi ya milimita 12. Usinunue kwa kukisia. Pima upana na kina cha mfereji, au nenda na kipande cha ya zamani. Unapoilaza usiivute, maana ikivutwa huwa nyembamba na baadaye hujikunja na kuacha pengo. Isukume kwa kidole, kidogo kidogo, juu ya gundi inayostahimili moto. Miisho miwili ikutane upande wa bawaba, ambako haisuguliwi sana. Kisha funga mlango na uuache hivyo hadi kesho yake.

Wavu usichomelewe. Chuma cha kusubu kina kaboni nyingi, kwa kawaida asilimia 2 hadi 4, na ndiyo maana hupasuka kandokando ya mahali kilipochomelewa mara tu kinapopoa. Una njia mbili. Ya kwanza ni kusubu mwingine kwa mchanga. Panga vipande vya wavu wa zamani juu ya ubao, ujaze palipokatika, na umpelekee msubuji awe na kielelezo. Chuma hiki kikipoa hujikunyata kwa karibu asilimia 1, kwa hiyo wavu wa sentimita 40 utatoka ukiwa mfupi kwa takriban milimita 4. Kwa kazi hii upungufu huo ni faida, kwa kuwa wavu unahitaji nafasi ya kutanuka ukipata joto. Njia ya pili ni kutumia vyuma vya mraba vya milimita 20, vilivyolazwa huru juu ya vyuma viwili vya kukingama, kwa mwachano wa takriban sentimita moja. Visichomelewe kwenye ncha zote mbili, kwa sababu vikikosa pa kutanukia vitapinda. Uzuri wake ni kwamba kimoja kikichoka unakitoa hicho tu. Nondo za milimita 10 au 12 ambazo baadhi ya mafundi hupenda kutumia hushuka upesi sana.

Ama tanuri, shida yake haiko kwenye tanuri. Katika majiko ya namna hii moshi wa moto hupita juu ya tanuri, hushuka ubavuni, huzunguka chini yake, kisha ndipo unapoingia bombani. Masizi yakijaa katika ile njia ya chini, joto haliwezi kufika huko. Tafuta kifuniko kidogo chini ya mlango wa tanuri, kwa kawaida kimeshikwa na skrubu moja au hakina kabisa. Ndani yake utakuta kazi ya kutosha. Angalia pia bamba la juu la tanuri, upande unaoguswa na moto. Zamani lilikuwa likifunikwa kwa tabaka la udongo la sentimita mbili hivi ili lisiungue. Udongo huo ukiisha, mkate huungua juu, na hatimaye bamba hutoboka na moshi ukaingia katika mkate.

Mfinyanzi wa Ilesi:

Nawasalimu nyote kutoka Kakamega. Maelezo ya Fundi nimeyafurahia, nami ningependa kuongezea upande wa udongo, kwa kuwa ndiyo kazi tuliyorithi hapa Ilesi.

Mwanangu wa Molo, usikubali saruji ya kujengea iingie katika chumba cha moto. Saruji hushikana kwa nguvu ya maji yaliyofungamana nayo inapoganda, na moto huyafukuza maji hayo. Itaonekana nzuri kwa wiki chache, kisha utaanza kuona unga wa kijivu ukianguka juu ya wavu, na mwisho tofali zima litaachia. Kipande cha bati nacho ni cha kupoteza fedha, kwa sababu bati jembamba mbele ya makaa huungua na kutoboka.

Tofali la kustahimili moto ukilipata dukani, linunue. Usipolipata, au vipimo vyake vikiwa haviingii katika jiko lako, linaweza kufinyangwa. Sisi huchukua udongo wa mfinyanzi uliochekechwa na kuondolewa mawe na mizizi, tukauchanganya na vigae vilivyopondwa, yaani vipande vya vyungu vilivyokwisha kuchomwa, kiasi kwa kiasi. Chenga kubwa zaidi isizidi punje ya mchele. Vigae hivyo vimekwisha kuonja moto, havijikunyati tena, kwa hiyo huuzuia udongo mbichi usipasuke unapokauka na tena usipasuke kila jiko linapowashwa na kuzimwa. Udongo mweupe hustahimili joto kuliko mwekundu, kwa sababu madini ya chuma yanayoupa udongo rangi nyekundu huufanya uyeyuke mapema; ukiweza kuupata mweupe, tumia huo kwa tofali la nyuma, ambalo ndilo linalopigwa na moto zaidi.

Kabla ya kufinyanga tofali zima, fanyeni jaribio dogo. Tengenezeni kipande kirefu kidogo, mkwaruze alama mbili zilizoachana sentimita 10, mkiache kivulini kikauke, kisha mkichome na kupima tena. Mtajua udongo wenu unapungua kiasi gani. Wa kwetu usiochanganywa na vigae hupungua karibu sehemu moja ya kumi, na aliyesahau hilo hujikuta na tofali linalocheza mahali pake. Lenyewe likaushwe kivulini kwa wiki mbili au zaidi, ligeuzwe kila siku ili lisipinde, na lisiingie tanuu likiwa bado na ubaridi ukiligusa kwa shavu. Ubaridi huo ni maji, na maji yakichemka ndani ya udongo hulipasua tofali kwa kishindo.

Wakati wa kulipanga, msilikaze kwa nguvu. Lilalie juu ya tope jepesi la udongo uleule na vigae laini, na pembeni ibaki nafasi ya kupitisha ukucha, kwa sababu tofali na chuma havitanuki kwa kipimo kimoja.

Kuna watu watakaokwambia uweke daiatomaiti nyuma ya matofali, kwa kuwa inachimbwa Kariandusi, karibu na Gilgil, katika kaunti yako hiyo hiyo. Ni kitu kizuri, chepesi, kilichojaa vinyweleo vya hewa, na huzuia joto lisitoroke. Katika jiko kubwa la shule, ambalo lengo lake ni kuchemsha sufuria moja tu, ningekuunga mkono. Lakini wewe unataka jiko likupashe joto chumbani. Ukilifunika ukuta wake kwa ndani, joto lile litakwenda bombani. Na anayeikata au kuiponda azibe pua na mdomo kwa barakoa nzuri, kwa kuwa vumbi lake lina silika na huumiza mapafu.

Mchomeleaji wa Nakuru:

Naheshimu aliyoyasema Fundi wa Kibuye, lakini siafikiani naye kwamba chuma cha kusubu hakichomelewi. Kinachomeleka, mradi kifanywe inavyostahili. Inahitajika vijiti vya kuchomelea vya nikeli, ambavyo ni ghali kuliko vile vya kawaida. Kipande kizima kipashwe joto kwanza juu ya makaa, si pale penye ufa tu. Mstari wa kuchomelea uwe mfupi, sentimita mbili au tatu kwa wakati mmoja, ugongwegongwe taratibu kwa nyundo ndogo ungali moto, kisha upumzike. Ukimaliza, zika kipande hicho ndani ya majivu makavu hadi kesho yake, kipoe polepole. Nimerudisha masikio ya bawaba na fremu za milango kwa njia hii, na bado yanafanya kazi.

Nakubaliana na Fundi kuhusu wavu tu, ingawa sababu yangu ni nyingine. Chuma kilichokaa motoni miaka mingi huwa kimeungua hadi ndani. Ukikivunja utaona rangi ya kijivu iliyokufa, yenye kutu katikati, badala ya punje zinazong'aa. Hapo hata nikeli haina cha kushika. Kwa hiyo, ndugu wa Molo, akikwambia anachomelea wavu, mkatalie. Lakini kama sikio la bawaba limevunjika, usilitupe kabla hujamwona mtu mwenye vijiti vinavyofaa.

Mkazi wa Molo:

Nawashukuru sana, Mama na mafundi wote wawili. Nimefungua kile kifuniko cha chini ya tanuri, na masizi yalikuwa yamejaa kiasi kwamba kijiko hakikuweza kupenya. Yalikuwa meusi, mengine yamegandamana na kung'aa mithili ya lami. Karatasi ilitoka bila kushikwa upande wote wa komeo, na kwenye kilango cha droo hakuna upande hata mmoja ulioishika.

Nimeona pia mambo mawili mapya. Bomba la moshi ni la bati jembamba la mabati ya kawaida, nalo lina vitundu vya kutu karibu na linapoungana na jiko, na michirizi myeusi inayotiririka kwa nje. Kuni ninazotumia ni za mkaratusi, ambazo hukatwa na kuletwa siku hizo hizo. Je, bomba nalo linahusiana na haya mengine? Kamba ya mlango nimepanga kuikwangua Jumamosi kwa brashi ya waya.

Mtunza Stoo, Bungoma:

Ndugu, tafadhali usiikwangue kamba hiyo kwa brashi kabla hujasoma haya. Jiko likiwa la zamani kama unavyosema, kamba ile nyeupe au ya kijivu inaweza kuwa ya asbestosi, na nyuzi zake zikivutwa pumzini hukaa mapafuni na kuleta maradhi mabaya baada ya miaka mingi. Kwa kuitazama tu huwezi kuitambua, kwa hiyo ichukulie kuwa ndiyo. Mlango uufanyie kazi nje, kamba inyunyizie maji yenye sabuni kidogo hadi ilowe kabisa, itoe kwa kisu butu ikiwa imelowa, uitie katika mifuko miwili ya plastiki na kuifunga. Isitupwe jaani wala isichomwe. Kanuni za taka za Kenya zinaihesabu asbestosi kuwa taka hatari, na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ndiyo inayoisimamia. Ulizia katika ofisi yao ya kaunti namna ya kuikabidhi.

Sasa bomba. Mimi husimamia jiko la kuni la shule, na katika majiko ya shule bomba ndilo linalotangulia kufa. Lako lina makosa mawili. La kwanza ni bati lenyewe: mabati yamepakwa zinki, na zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi. Karibu na mdomo wa jiko, joto linaweza kupita hapo moto ukiwa mkali, zinki ikaondoka, na bati lililobaki likaliwa na kutu. Moshi wa zinki nao humtia mtu homa na kichefuchefu. Mita ya kwanza au mbili kutoka jikoni iwe ya chuma cheusi chenye unene wa milimita 2, au ya chuma kisichoshika kutu ukimudu. Kosa la pili linaonekana katika ile michirizi ya nje: bomba la juu limevikwa kwa nje ya lile la chini. Inatakiwa ncha ya chini ya bomba la juu iingie ndani ya bomba lililo chini yake, ili majimaji ya moshi na mvua yanayoteremka yabaki ndani, yaungulie humo, badala ya kutoka kwenye maungio.

Lami uliyoiona chini ya tanuri inatokana na kuni mbichi. Moto hutumia joto lake kuchemsha maji ya kuni, moshi hupanda ukiwa baridi na mzito, kisha huganda kwenye kuta za njia. Lami hiyo hushika moto. Ukisikia siku moja bomba linanguruma na kuona limekuwa jekundu, funga milango na vilango vyote vya hewa, watoe watu nje, na usimwage maji ndani ya jiko, kwa sababu chuma cha kusubu hupasuka kikimwagiwa maji kingali moto. Mkaratusi ni kuni nzuri, lakini upasuliwe na upangwe chini ya paa lenye kupitisha upepo kwa miezi sita hadi mwaka mmoja, hadi maji yake yashuke chini ya asilimia 20. Gonganisha vipande viwili: vikavu hulia kwa sauti kali, vibichi hutoa mlio mzito.

Mko juu sana huko Molo, karibu mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, na hewa yenu ni nyepesi, kwa hiyo bomba linahitaji urefu zaidi ili livute vizuri. Mdomo wake upite kilele cha paa kwa zaidi ya nusu mita. Linapopita darini, lisikaribie mbao kwa chini ya sentimita 45 ikiwa ni bomba la ukuta mmoja. Naomba pia msikifunge kilango cha bomba kabisa usiku makaa yakiwa bado mekundu, hata kama mnataka joto libaki. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na mlango wenu ukishabana vizuri gesi hiyo haitakuwa na njia nyingine ya kutokea isipokuwa bombani.

Mkulima wa Njoro:

Samahani kwa kuingilia. Langu ni jiko dogo la kisasa la kupasha joto sebule, na kioo cha mlango kimepasuka. Naweza kukatiwa kioo cha dirisha?

Fundi wa Kibuye:

Ndugu wa Njoro, hapana. Kioo cha dirisha kitapasuka jioni ya kwanza, pengine mbele ya watoto. Cha jiko ni kioo cha seramiki, hustahimili nyuzi 700 hivi na hakitanuki karibu hata kidogo. Wakati unakisubiri, kata bamba la chuma la milimita 3 kwa kipimo hicho hicho na uliweke mahali pake pamoja na ukanda wa kamba. Kioo kipya kikifika, skrubu zake zikazwe kwa mkono mwepesi, kwa sababu vingi huvunjwa na skrubu.

Mchomeleaji wa Nakuru, nakubali ulivyoeleza kuhusu masikio ya bawaba.

Mkazi wa Molo, baada ya kupata kamba, tofali la nyuma, wavu na bomba, usiwashe moto wa kupikia siku hiyo hiyo. Udongo bado una maji. Siku ya kwanza washa vijiti vichache na karatasi, jiko lipate uvuguvugu tu wa kuweza kuguswa kwa kiganja, kisha liache lipoe. Kesho yake ongeza kidogo. Ukiona mvuke ukitoka kwenye maungio, usiongeze kuni hadi uishe. Moto wa kawaida uje ukiwa umeridhika kwamba hakuna unyevu tena. Jiko likishapoa baada ya moto huo, kaza bolti kwa nusu mzunguko na urudie jaribio la karatasi, kwa sababu kamba mpya hulala kidogo ikishapata joto. Bolti za zamani zilizoganda kwa kutu usizigonge. Ziloweke kwa dizeli usiku kucha, na zikikataa zikate kwa msumeno, kwa kuwa bolti mpya ni rahisi kupata kuliko pembe ya jiko iliyovunjika.

Droo imwagwe kila asubuhi kabla ya kuwasha, katika ndoo ya chuma yenye kifuniko, na ndoo ikae nje mbali na mbao. Juu ya wavu waweza kuacha tabaka jembamba la majivu, la sentimita mbili hivi, ambalo huukinga na makaa na halizuii kuni kuwaka. Na ule ubao wa kielelezo utakaompelekea msubuji, mwambie akurudishie, uandike vipimo vyake nyuma kwa rangi, na uuhifadhi stoo.